Mstari Begani mwa Mlima

Jumamosi iliyopita nilimgombeza mtoto kwa kosa ambalo hakulifanya, na tangu hapo chakula hakinishuki sawasawa. Wewe unanijua. Mimi ni yule ambaye nikitoka nyumbani hugeuka njiani kuhakikisha mlango nimeufunga, nikiondoka tena nasahau kama niliutikisa, narudi kuutikisa. Sasa nifikirie nikiwa na jambo zito kweli.

Siku hizi nafundisha rangi za maji kwenye shule moja ya msingi pale Mafiga, mjini Morogoro, kila Jumamosi asubuhi. Sikusomea sanaa popote. Nilichonacho nimekipata kwa kuharibu karatasi, na kwa kutazama video za simu nikizirudisha nyuma mpaka bando linaisha. Ndiyo maana nafundisha kwa wasiwasi, nikingoja siku atakapotokea mtu mwenye cheti aniambie kwamba yote niliyowaambia watoto ni upuuzi. Wasiwasi huo umenifanya mkali. Karatasi iloweshwe yote, isiachwe hata kona. Brashi ibebe rangi, isidondoshe. Na ukishapaka tabaka la kwanza, unaacha. Unaweka viganja chini ya mapaja, unakalia mikono yako mwenyewe, unangoja ikauke. Rangi ya maji ikiguswa ikiwa nusu mbichi, hata kwa tone moja, maji huisukuma rangi pembeni, na pale yanapoishia huacha mstari uliopauka wenye ukingo mkali, kama alama ambayo bahari huiacha mchangani. Kosa hilo tunaliita ufukwe. Haliondoki. Ukijaribu kulifuta unazaa jingine.

Siku hiyo tulikuwa tunachora mlima kama ulivyoonekana dirishani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na asubuhi ile kulikuwa kumetakata, milima ya Uluguru imesogea karibu kama inavyofanya baada ya mvua. Nikapita nyuma ya madawati nikakuta karatasi ya binti mmoja wa darasa la tano, mtoto msafi wa kazi, ina ufukwe begani mwa mlima. Mstari mwembamba uliopinda, kama ukucha uliokatwa.

"Umegusa kabla haijakauka," nikamwambia.

"Sijagusa, madam. Nilikalia mikono."

Nikamwambia asibishane na mwalimu, achukue karatasi nyingine. Kisha nikabaki nimesimama pale pale, kwa sababu maneno yale niliyajua. Niliwahi kuyasema mimi nikiwa na umri wake, mbele ya mwalimu mwingine, kuhusu mlima huu huu.

Acha nikueleze kuanzia kwa Bibi.

Kwa Bibi palikuwa juu, kwenye mteremko, mahali ambapo ukisimama mlangoni uliuona mji wote wa Morogoro umetandazwa chini kama mahindi yaliyoanikwa. Mama alikuwa Dar es Salaam akitafuta maisha. Mimi nililelewa na Bibi tangu najifunza kutembea. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, bati juu, imekaa kwenye kitako kilichochimbwa ubavuni mwa mlima. Nyuma yake kulikuwa na migomba, juu ya migomba mfenesi mkubwa, na chini ya mfenesi kaburi la mama yake Bibi. Kupita mfenesi hakukuwa na kitu tena, ila majani, mwinuko na mawingu.

Nikifumba macho harufu ya asubuhi za pale bado ipo: moshi wa kuni mbichi, chai ya mchaichai, magimbi ya kuchemsha yanayochoma vidole ukiyamenya. Wanawake wa juu zaidi walipita kabla ya jua na vikapu vya stroberi kichwani wakiwahi soko la mjini, wakiitana ng'ambo moja ya bonde hadi nyingine, na Bibi aliwajibu kwa Kiluguru bila kutoka nje, akikoroga uji. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji kwenye chemchemi, kufagia uwanja na kuchambua maharage. Maharage niliyachambua punje kwa punje mpaka Bibi alikata tamaa. "Mke mwenzangu," alikuwa akiniita hivyo, kwa utani wa bibi na mjukuu, "ukiendelea hivi tutakula kesho kutwa. Mume wetu atatuacha wote wawili." Babu alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, lakini Bibi alimtaja kana kwamba amekwenda gengeni.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na chumba chake upande wa nyuma. Kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa msemaji wa ardhi ile. Alikuwa mtu wa kucheka, ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi kwa jani la mgomba, lakini ukigusia mipaka ya shamba uso wake ulijifunga. Jioni wakikaa nje yeye na Bibi, mawe yakisikika yakiporomoka mahali fulani huko juu, mmoja wao lazima angesema ule msemo wao: mlima hauli watu wake. Nami nililala kwa amani kwa sababu ya msemo huo. Kwa mtoto mwenye hofu kama mimi, ulikuwa sawa na blanketi.

Mwaka ule nikiwa darasa la tano, vitu vilianza kukosa unyoofu.

Kwanza ilikuwa kalenda. Bibi alikuwa na kalenda ya zamani aliyoipenda kwa picha yake ya maua, ikining'inia kwenye msumari kando ya mlango. Asubuhi moja niliiona imepinda. Mimi siwezi kukaa chumba kimoja na kitu kilichopinda, basi nikaisukuma mpaka ikalingana na fremu ya mlango. Kesho yake ikawa imepinda tena. Nikainyoosha. Ikapinda. Nilimshuku mjomba kwamba ananitania, nikawa namvizia. Leo najua kwamba kalenda ilikuwa imenyooka siku zote. Iliyokuwa imepinda ni nyumba.

Kisha mlango ukaanza kugoma. Mjomba akauchonga chini kwa panga, ukafunga vizuri kwa muda, ukagoma tena kwa juu. Mchuzi ukawa unajaa upande mmoja wa sufuria, nikamwambia Bibi mafiga hayalingani, akanijibu kwamba mume wetu hali mafiga. Kuku wakaacha kulala kwenye banda la juu wakahamia chini ya chanja ya vyombo, na hakuna aliyewafukuza. Chemchemi ikapungua mpaka ikawa ya kukinga kwa kata, halafu maji yakatokea yenyewe katikati ya migomba, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na maji. Bibi akafurahi. Akasema mlima umemhurumia mzee, umemletea maji mpaka mlangoni. Mimi niliyachota na kuyatazama kwenye ndoo. Yalikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, na hayakutulia hata yakilala.

Hayo yalikuwa ya nyumbani. Shuleni, chini kabisa mlima unapoanzia, tulikuwa tumepata mwalimu mpya.

Alitoka Tanga. Alifundisha Sayansi, lakini kipindi cha Stadi za Kazi kilipokosa mtu alikichukua, na badala ya kutusukisha mikeka akatuletea rangi za maji. Rangi zenyewe zilikuwa za duka la vifaa vya shule mjini, la mzee mmoja wa Kihindi aliyempa visanduku vilivyokauka na kupasuka kwa sababu hakuna aliyevinunua. Brashi tulizitengeneza wenyewe kwa manyoya ya mkia wa mbuzi, tukiyafunga kwa uzi kwenye vijiti vya mianzi. Maji tuliyachota kwenye kijito cha nyuma ya shule kwa makopo ya siagi: kopo moja la kuloweshea karatasi, jingine la kuoshea brashi, na ole wako uyachanganye. Alituamuru tuyaache makopo yatulie kwanza. Kila wiki tope lililozama chini lilikuwa nene kuliko wiki iliyopita, hata siku ambazo mvua haikunyesha. Tulidhani ni mifugo ya watu wa juu.

Mwalimu yule alikuwa mpole mpaka ukimkosea karatasi. Alitufundisha kuweka maji kwanza na rangi baadaye, kuinamisha ubao ili bluu itiririke yenyewe kutoka kileleni hadi miguuni mwa mlima, kuuacha ukungu kwa kutopaka kitu. Neno ufukwe ni lake, la mtu wa pwani. Kukalia mikono ni kwake pia. Alisema watu wengi hawashindwi na rangi, wanashindwa na kungoja. Na kila Ijumaa, kabla hatujagusa maji, alirudia maneno yale yale: macho yatangulie, mkono ufuate. Kila Ijumaa tulichora mlima ule ule kutoka madirisha yale yale, na picha zikatundikwa kwenye waya kwa vibanio vya nguo, za wiki hii mbele ya za wiki iliyopita, ili kila mtu aone alivyosogea.

Mimi nilimpenda kama unavyompenda mtu wa kwanza anayeona kasoro yako kuwa na faida. Wengine walinicheka nilivyokaa juu ya mikono yangu mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Yeye aliwaambia waniige.

Ufukwe wa kwanza ulitokea kwenye karatasi ya jirani yangu wa dawati, baada ya mvua za vuli. Jirani yangu huyo alikuwa mvulana wa haraka, mwenye kumwaga makopo, na darasa zima likacheka mstari wake uliopinda begani mwa mlima. Mwalimu akamweleza kwa upole kosa lake. Ijumaa iliyofuata akaurudia, na wengine wawili watatu wakawa nao. Wakamwita jirani yangu Mzee wa Ufukwe, kwamba ametuambukiza. Ijumaa nyingine tena, upande mzima wa dirishani ukawa na mstari huo huo, na mwalimu akakasirika. Akasema tunaigana. Akasema mtu anayeiga kosa ni mbaya kuliko anayelitenda. Akachana baadhi ya karatasi mbele yetu, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akatuamuru turudie.

Mimi nilikuwa nakaa upande wa dirisha pia, na mstari nilikuwa nauona. Ulinikera. Uliharibu mteremko wa rangi uliokuwa umetoka vizuri. Wiki zile za kwanza mawingu yalikaa begani mwa mlima ilipofika zamu yangu kupaka hapo, nikashukuru. Lakini tuliporudia Ijumaa hiyo kulikuwa kweupe kabisa, na yeye mwenyewe alikuwa amesema macho yatangulie. Nikalowesha karatasi, nikapaka mlima, nikauruka mstari nikiuachia weupe wa karatasi, nikaweka viganja chini ya mapaja. 

Mwalimu alipita nyuma yangu akasimama. Nilisikia pumzi yake.

"Hata wewe," akasema.

"Sijagusa, mwalimu. Nilikalia mikono."

 Darasa lote likageuka, maana walitaka kuona na mimi nikichaniwa. Akainama, akainua mkono wangu mmoja, akautazama: alama za mbao za benchi zilikuwa zimejichora kwenye kiganja.

"Ni kweli," akasema taratibu. "Nilimwona. Huyu alikalia mikono tangu mwanzo."

Kisha akafanya jambo ambalo, nikikumbuka, hatukuwahi kumwona akilifanya. Akaenda dirishani akatazama mlima. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akakunja macho. Akatuuliza ni nini tunachokiona pale. Tukamwambia, wote kwa pamoja, kuna mstari, udongo mpya, umepinda hivi. Jirani yangu wa dawati akaongeza kwamba sasa umekuwa mrefu kuliko mwanzo, na hakuna aliyemcheka.

"Mimi naona bluu tu," mwalimu akasema, bado ametupa mgongo. Macho yake yalikuwa mabovu kwa mbali, na alitufichia. Muhula mzima alikuwa anatufundisha mlima ambao kwake ulikuwa kivuli.

Akarudi, akazishusha picha zote za kwenye waya, akazipanga sakafuni tangu ya kwanza. Akapiga magoti juu yake, akizisogeza, uso wake karibu na karatasi, mahali ambapo macho yake yaliweza. Alipoinuka, magoti ya suruali yalikuwa na rangi, wala hakuyaangalia. Akauliza ni nani kati yetu anakaa chini ya mstari ule.

Nikainua mkono.

Jioni hiyo alipanda na mimi, ameshika bega langu, mkono mwingine amebeba picha ndani ya mfuko wa nailoni. Aliteleza njia nzima. Tulipofika, Bibi alikuwa anapepeta maharage uwanjani, na mjomba ananoa panga. Mwalimu akaamkia shikamoo hata kabla hajapata pumzi. Bibi akaitikia marahaba, akamtazama viatu.

"Mtu wa tambarare wewe. Kaa chini kabla hujaanguka, hapa hatuna pa kukuzika."

Akamletea magimbi na chai. Mwalimu akala kwanza, kama adabu inavyotaka, akasifu, ndipo akaeleza. Mjomba alisikiliza akiendelea kunoa. Mwisho akauliza kwa upole wa kutisha kama ameelewa vizuri, kwamba wao wahame kwa sababu watoto wamekosea kupaka rangi.

Mwalimu akajibu kwamba hata yeye alidhani wamekosea, na aliwachania karatasi zao.

"Tukitoka hapa," mjomba akasema, "mwakani utamkuta mtu mwingine kalima. Ukoo utaniuliza mimi, mwalimu, hautakuuliza wewe. Niwajibu nini? Nilionyeshwa picha?"

Akasema huo mpasuko anaujua, amewahi kupita kando yake akitafuta kuni, milima yote ina mipasuko. Akamalizia na msemo wao. Mwalimu hakubishana. Alizitoa picha akazipanga kwenye benchi la uwanjani, za mwanzo wa muhula upande wa kushoto, za leo upande wa kulia, akamwomba Bibi azitazame tu.

Bibi alijipangusa mikono akaja. Jambo la kwanza alilotafuta, kama mtu yeyote angefanya, ni nyumba yake. Akaikuta kwenye ya kwanza, akaguna. "Huyu kanichorea banda la kuku." Akaikuta kwenye ya pili, ya tatu, akicheka, akimtania mwalimu kwamba hakuna hata mmoja aliyemchora yeye mwenyewe na uzuri wake. Kisha kicheko kikapungua. Alirudi mwanzo. Akaweka kidole juu ya paa, akakipandisha mpaka kwenye mfenesi. Akaenda picha ya pili, akaweka kidole juu ya paa. Mimi nilikuwa pembeni yake, na ndipo nami nikaona alichokuwa anakiona. Kwenye picha za mwanzo mfenesi ulisimama juu ya nyumba, katikati ya paa, kama jogoo. Kwenye za mwisho ulikuwa umeteremka na kusogea pembeni. Kwa waliojua kuchora na kwa wasiojua, mfenesi ulikuwa umetembea.

Mjomba akasema watoto hawajui vipimo.

Bibi akazunguka nyuma ya nyumba peke yake, tukamwona akipanda kati ya migomba, akifika kaburini kwa mama yake. Alisimama hapo muda mrefu, kiganja kwenye shina la mfenesi, kama unavyompima mtoto homa. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mji. Aliporudi, miguu yake ilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo, na hakukuwa kumenyesha siku kadhaa.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "kamata kuku."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake yote. Tukashuka kesho yake, kuku wamefungwa miguu, masufuria, godoro, na ile kalenda kwapani mwangu. Jirani mmoja wa karibu na shule, mama muuza vitumbua, alitupa chumba. Nilipoipiga kalenda msumari ukutani ikakaa sawa na mlango, na ikabaki hivyo, nami nililia bila kumwambia mtu sababu.

Mjomba alikataa. Alisema atashuka akishavuna maharage. Kila Jumapili Bibi alimpelekea chakula na kumwomba, na kila Jumapili alirudi na kapu tupu na majibu yale yale. Masika yakaanza. Mvua ile ya Uluguru unaijua, haipigi, inakaa. Kijito cha nyuma ya shule kikawa na rangi ya matofali, mwalimu akaanza kuleta maji ya kuchorea kutoka nyumbani kwake kwa dumu. Alikuwa amekwenda ofisi ya kata na picha zake. Walimpokea vizuri, wakamwambia suala linashughulikiwa.

Ijumaa moja mvua ikapumzika. Mlima ulikuwa umejaa wote dirishani, mweusi, mstari wake sasa umekuwa mdomo. Tulikuwa tumelowesha karatasi, tumeweka tabaka la kwanza, tunangoja. Darasa zima limekalia mikono. Niliona migomba ya Bibi ikitikisika, ingawa hakukuwa na upepo. Kisha bega la mlima likashuka. Halikuanguka, lilishuka, pamoja na miti yake ikiwa imesimama wima, taratibu kama shuka linalovutwa kitandani. Sauti ilikuja baadaye. Madirisha yakalia, maji yakatetemeka ndani ya makopo.

"Nini hiyo?" mwalimu akauliza. "Jamani, nini hiyo?"

 Mimi nilikuwa bado nimekalia mikono yangu.

Walichimba siku nyingi. Mfenesi waliukuta chini kabisa bondeni, umesimama katikati ya tope, mafenesi yake yananing'inia kama vile umepandwa pale. Mjomba hawakumpata. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, kwa mdogo wake kule Mkuyuni, akilalamikia joto, akichagua viazi vikuu sokoni kwa kuvinusa, akiendelea kuniita mke mwenzake. Msemo ule sikuusikia tena kinywani mwake. Wageni wakiuliza alikotoka, alionyesha upande wa mlima kwa kidevu, basi.

Mwalimu alihamishwa mwisho wa mwaka. Nilimsindikiza stendi ya Msamvu kupanda basi la Tanga, nimembebea mfuko. Aliniachia brashi yake ya manyoya ya mbuzi, na alisema neno moja tu kuhusu yale yote, akitazama chini kama kawaida yake: "Nilikuwa natazama karatasi."

Sasa hivi ukipita pale huoni kitu. Kovu limeota majani, limekuwa kijani kibichi kuliko pembeni, watu wanapiga picha wakidhani ni malisho. Njia ya wanawake wa stroberi ilikatika, wanazunguka upande mwingine, na asubuhi hakuna anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Chemchemi haipo. Kaburi halipo, wala mahali pa kusema hapa ndipo lilipokuwa. Zile picha zilipata ukungu kwenye kabati la shule zikachomwa na takataka. Mimi pekee ndiye niliyebaki na mlima ule kama ulivyokuwa, na mimi, kama unavyojua, siamini hata kama nimefunga mlango.

Basi Jumamosi hiyo nilibaki nyuma ya binti yule. Nikaichukua ile karatasi niliyoikataa, nikaiweka tena mezani kwake, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Nikawaambia wote wasirekebishe kitu, waache kama walivyoona. Kisha nikaenda dirishani. Macho yangu ni mazima, namshukuru Mungu na sijui kama namshukuru. Mstari ulikuwepo, si upande wetu wa zamani, ng'ambo yake, mwembamba, mpya, unang'aa kidogo kwa maji.

Nikarudi kwake nikachuchumaa. Nikamwuliza kama anajua ni kwa akina nani pale, na kama chini ya mstari kuna nyumba.

"Zipo, madam," akasema. "Sikuzichora, ni ndogo."

Nikamwambia anionyeshe zilipo. Akachovya brashi kwenye kahawia, akaigusisha karatasi chini ya mstari, doa moja dogo. Akafikiri, akaweka jingine kando yake. Kisha mengine, yakishuka na mteremko, na jingine kubwa kidogo ambalo alisema ni shule ya chekechea. Nilidhani ameishia hapo.

Akachovya tena.